Zamu ya Kiti

Bi Bogumiła aliingia akikisukuma kiti chake,
kile cha ngozi iliyochanika, magurudumu yakilia,
akakifikisha kwangu, akakiacha.
Yeye akaketi mlangoni, chini ya makoti yetu.
"Leo zamu yako, Ireneusz. Wiki ijayo Jagoda.
Ya tatu Zdzisław, hata akinuna.
Mwezi wa tano napasuliwa nyonga,
na sitaki kupigiwa simu wodini
niulizwe bei ya grisi."

Tulicheka. Ilikuwa Januari,
Łódź imejifunika theluji yake chafu,
na sisi tuna lifti mia tatu na kumi na mbili
za kupandisha na kushusha watu
wasiotujua majina.

Kikao changu cha kwanza niliongea dakika arobaini.
Niliongea mikataba, niliongea madeni,
nilijiuliza maswali nikajijibu mwenyewe.
Zdzisław alichora ndege pembeni mwa karatasi.
Chai ya limau ikapoa.
Mwishoni Bi Bogumiła aliuliza neno moja:
"Umejifunza nini kwao leo?"
Nikafungua kinywa,
na kinywa changu, kilichozoea kazi, kikakosa kazi.

Usiku nilishuka karakana.
Kamba hukatikia pembamba, ndivyo isemwavyo.
Nikaishika ile ya chuma tuliyoing'oa Widzew,
nyuzi mia moja hamsini na mbili,
nikazihesabu kwa ukucha hadi nikapotea.
Kila mmoja mwembamba.
Miaka kumi na tisa nimejigamba
kwamba bila mimi hakuna kinachokwenda.
Sikuwahi kuuliza
ni nani aliyewakondesha wengine.

Februari, Alhamisi, giza limeshashuka,
lifti ikakwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane:
ndani mama, mtoto, mfuko wa viazi.
Jagoda akanijia, simu imebanwa begani.
"Nimtume nani?"
Jibu lilikuwa ncha ya ulimi: Walenty,
anayeijua mota ile kwa mlio.
Nikalimeza. Lilishuka kama mwiba wa samaki.
"Wewe unaonaje?"
Akanitazama
kama aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyowahi kuiona.
Saa ya ukutani ikala sekunde kumi na moja.
"Kacper. Yuko karibu.
Na hana budi kuanza siku moja."

Kacper alichelewa dakika ishirini na tano.
Ufunguo wa mlango aliusahau garini,
akazishuka ngazi zote kuufuata, akazipanda tena.
Mtoto alilia hadi sauti ikakauka,
na mama yule, asiyetujua majina,
akatupa mapya.

Jumatatu kiti kilikuwa cha Jagoda.
Mikono yake ilijificha chini ya meza.
Barua ya wenye jengo ililala katikati yetu:
aliyeamua ni nani?
Zdzisław akakohoa.
Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulisimama wima:
"Andikeni idara yangu. Mzigo ni wangu."
Nilijiona mkubwa kidogo, sikatai.
Jagoda akatoa mikono mezani.
"Hapana. Andikeni Jagoda.
Andikeni pia kwamba nitaamua tena,
ila kuanzia leo kila fundi
atauvaa ufunguo shingoni."

Hata ngao yangu, kumbe, ilikuwa njia nyingine
ya kuwa mnene.
Kule mlangoni, kati ya makoti,
Bi Bogumiła alikuwa akitafuta leso
muda mrefu kuliko leso inavyotafutwa.

Sasa ni Mei. Yuko wodini, simu yake haijalia.
Siwezi kusema nimepona:
juzi niliongea dakika kumi na tisa,
Zdzisław alizipima, akazitangaza.
Kacper anatembea akilia njugu kama mbuzi wa zawadi.
Na kiti bado kinapiga kelele kikizunguka meza.
Tumekubaliana kwa kauli moja kitiwe grisi.
Bado hatujakubaliana
na nani.